LS400 ya 1992 inaua altaneta, usukani unaguna, moshi mweupe nyuma: tuanzie wapi?

Swali: Nina Lexus LS400 ya mwaka 1992. Ndani ya mwaka mmoja nimebadilisha altaneta mara mbili, na sasa taa ya betri imewaka tena. Asubuhi usukani unaguna ninapouzungusha, na nikiuzungusha gari likiwa limesimama hutoka moshi mweupe mzito. Sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, wakati mwingine injini inazima kwenye foleni. Mshale wa spidi hauwaki tena usiku, na mara mojamoja nikipiga stata nasikia "tak" tu. Fundi mmoja anasema ni kompyuta, mwingine anasema injini imechoka. Nianzie wapi, au niliuze tu?

Jibu: Anza na pampu ya pawa stelingi. Usinunue altaneta ya tatu, wala usiruhusu mtu afungue kompyuta, kabla pampu hiyo haijakauka.

Katika LS400 za kizazi cha kwanza, zile zilizotoka kati ya 1989 na 1994 na ambazo Japani ziliuzwa kwa jina la Toyota Celsior, pampu ya pawa stelingi imefungwa juu ya altaneta. Ni mpangilio mbaya katika gari ambalo karibu kila kitu kingine kimepangwa vizuri. Sili za pampu zikikakamaa kwa umri, oili inashuka polepole ikifuata mwili wa pampu na kudondokea altaneta, ambayo ina matundu ya kupitisha hewa ya kuipoza. Ikishaingia humo inalowesha kaboni brashi, vumbi la kaboni linageuka tope, brashi zinakwama na chaji inashuka. Altaneta mpya ikifungwa chini ya pampu ileile itakufa kwa ugonjwa uleule.

Na pampu haiishii hapo. Oili ikipungua kwenye tangi, pampu inavuta hewa pamoja na oili. Hiyo ndiyo sauti ya kuguna unayosikia asubuhi oili ikiwa baridi na nzito. Moshi nao unatokana na valvu ndogo iliyofungwa kwenye pampu hiyohiyo, nitaieleza hapa chini. Sailensi inayumba kwa sababu kadhaa, lakini mbili za kwanza ni oili inayonyonywa na injini kupitia valvu hiyo na volti zinazoshuka kwa sababu ya altaneta. Kwa hiyo kati ya malalamiko yako yote, mawili tu, mshale wa spidi na stata, yana chanzo chake chenyewe. Kompyuta inaweza kuwa mbovu kweli, maana kwenye magari haya huharibika, lakini zamu yake haijafika.

Valvu ya moshi ndiyo ya kupima kwanza, kwa sababu haihitaji kufungua chochote kikubwa. Tafuta kwenye pampu kidude kidogo chenye mipira miwili myembamba. Mmoja unatoka kwenye njia ya hewa kabla ya throtoli (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), mwingine unaingia upande wa manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda). Kazi yake ni kuongeza hewa kidogo kwenye injini presha ya stelingi inapopanda, ili injini isizidiwe na kuzima unapoegesha. Ikipasuka ndani, manifoldi inanyonya oili ya stelingi kupitia mpira huo, na oili hiyo inaungua kwenye silinda. Presha ya stelingi iko juu zaidi unapokata usukani gari likiwa limesimama, na ndiyo maana moshi wako hutoka wakati huo hasa. Injini ikiwa imezimwa, chomoa mpira wa upande wa manifoldi na uuchungulie. Ukikuta oili nyekundu au ya kahawia ndani yake, umepata jibu. Mpira mkavu kabisa unamaanisha moshi wako una chanzo kingine, na hapo ndipo mtu anaweza kuanza kuzungumzia gasketi ya silinda hedi; angalia basi kama kulanti (maji ya rejeta) inapungua.

Dawa ya kudumu ni valvu mpya. Usipoipata, chomoa mipira yote miwili na uzibe kwa vifuniko vya mpira vyenye klipu zile ncha mbili za upande wa injini pamoja na ncha mbili za valvu. Ukiziba upande mmoja tu, injini itavuta hewa isiyopimwa na sailensi itakuwa mbaya kuliko mwanzo. Utakachopoteza ni kile kipandisho kidogo cha mzunguko wakati wa kuegesha, na valvu ya sailensi yenyewe inatosha kufidia. Usistuke moshi ukiendelea kwa muda baada ya kazi hii: oili iliyobaki kwenye manifoldi na kwenye bomba la ekzozi lazima iungue iishe.

Sasa pampu yenyewe. Kabla ya kuifungua, isafishe kwa kisafishio cha breki mpaka chuma kionekane, ipanguse, kisha washa injini na mtu azungushe usukani taratibu huku ukimulika kwa tochi. Usiipulizie altaneta hicho kisafishio, wala usikitumie injini ikiwa ya moto. Sehemu zinazovuja ni chache: pale tangi linapoungana na pampu, ambako kuna oringi (pete ya mpira ya kuziba) moja inayokakamaa; mpira wa kurudisha oili na klipu yake; boliti ya bomba la presha, yenye washa mbili za kuziba; na sili ya shafti nyuma ya puli. Tofauti ina maana kubwa kwenye mfuko wako. Oringi ya tangi na washa za boliti ni kazi ya saa chache. Sili ya shafti inataka pampu itoke.

Kama pampu inatoka, nunua kiti kamili ya sili na oringi, na ubadilishe zote hata zile zinazoonekana nzima. Nyonya oili ya kwenye tangi kwa sirinji kubwa. Legeza nati ya puli wakati fenibelti bado imekaza, kwa sababu belti ndiyo inayoishikilia puli. Ukishaitoa belti, puli itazunguka nawe na utaanza kuibana kwa koleo na kuiharibu. Funika altaneta kwa nailoni nzito kabla ya kufungua bomba lolote, na ukumbuke kuitoa nailoni hiyo kabla ya kuwasha.

Pampu ikiwa mezani, ioshe kwa nje kabla ya kuitenganisha. Chembe moja ya mchanga ikiingia ndani inatosha kukwaruza. Ndani utakuta rota yenye vibapa vinavyoteleza, pete ya mviringo wa yai inayoizunguka rota, na bamba za pembeni. Piga picha kila hatua na uweke alama ya upande wa juu wa rota na pete, kwa sababu vikigeuzwa pampu haitasukuma oili sawasawa. Vibapa vina ncha moja ya mviringo na nyingine bapa: ya mviringo hutazama nje, kuelekea kwenye pete. Angalia uso wa ndani wa pete hiyo. Ukiwa unang'aa bila mikwaruzo, endelea. Ukiwa na mawimbi unayoyahisi kwa kucha, sili mpya hazitaondoa sauti, nunua pampu. Vivyo hivyo kwa shafti: ikiwa sili ya zamani imechimba mfereji unaonasa kucha, sili mpya itavuja ndani ya muda mfupi.

Toa pia valvu ya kudhibiti mtiririko. Ipake oili safi na uiingize kwenye tundu lake. Inapaswa kushuka yenyewe kwa uzito wake bila kusukumwa. Ikikwama, isafishe kwa kisafishio na kitambaa kisichoacha nyuzi. Usiipige msasa. Sili mpya ya shafti ipake oili mdomoni, iingize ikiwa imenyooka ukitumia soketi yenye kipenyo kinacholingana nayo, na gonga taratibu pande zote. Washa za bomba la presha hazirudiwi.

Kabla ya kujaza oili, kuna sehemu moja ambayo mafundi wengi huiruka. Kwenye stelingi raki (kifaa kinachogeuza magurudumu) kuna solenoidi, yaani valvu inayoendeshwa kwa umeme, inayofanya usukani uwe mwepesi kwa mwendo mdogo na mzito kwa mwendo mkubwa. Ndani yake kuna wavu mdogo wa kuchuja. Baada ya miaka, takataka za mipira na sili zilizochakaa hukusanyika hapo, oili inapita kwa shida, na pampu inaguna hata ikiwa na sili mpya. Ukikuta usukani ni mzito mwendo ukiwa mdogo, hapo ndipo pa kuangalia. Ifungue solenoidi, uoshe wavu kwa kisafishio cha kabureta, upulize kwa upepo mdogo, na urudishe kwa oringi mpya. Tangi nalo lioshe vizuri, pamoja na chujio lililo ndani yake, maana tope la chini ndilo linalozunguka na kuziba huko mbele.

Oili ya stelingi ya gari hili ni ile ya gia boksi ya otomatiki, aina ya Dexron II au III. Usitumie oili ya breki, na achana na dawa za chupa zinazodai kuzuia uvujaji: zinafanya sili zivimbe kwa muda, kisha zinalegea kuliko awali. Lita 2 zinatosha kusuuza na kujaza. Chomoa mpira wa kurudisha oili, uelekeze kwenye chupa, ziba ncha ya tangi, jaza tangi, na mtu azungushe usukani injini ikiwa imezimwa mpaka oili inayotoka iwe safi. Rudisha mpira.

Kutoa hewa kunataka subira. Inua magurudumu ya mbele kwa jeki na uweke stendi imara chini ya gari. Jeki peke yake haitoshi. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho mara 20 au zaidi, ukiongeza oili kila inaposhuka. Kisha washa, rudia mara chache, na usiushikilie usukani mwishoni kwa zaidi ya sekunde chache kwa sababu presha hapo inafika kilele. Zima, angalia oili. Ikiwa na povu au rangi ya maziwa, bado kuna hewa. Acha itulie, kisha rudia. Kipimo kizuri ni hiki: oili ikishapata moto, zima injini na utazame usawa kwenye tangi. Ukipanda zaidi ya milimita 5 baada ya kuzima, hewa ingalimo.

Acha injini iungurume kwa nusu saa ukiwa umetandika karatasi nyeupe chini ya gari, na kila baada ya muda zungusha usukani. Karatasi ikibaki kavu na tochi isipoonyesha unyevu kwenye pampu, sasa unaweza kushughulika na altaneta.

Ipime kabla ya kuihukumu. Betri ikiwa imepumzika na gari limezimwa kwa saa kadhaa, mita inapaswa kuonyesha kama volti 12.6. Injini ikiwa ya moto, taa kubwa na feni ya kiyoyozi zikiwa zimewashwa, pima kwenye nguzo za betri: kati ya 13.5 na 14.5 ni salama. Chini ya 13, pima tena kwenye boliti kubwa nyuma ya altaneta yenyewe. Huko kukiwa na volti nzuri na kwenye betri hakuna, shida ni waya, fyuzi kubwa au kiungio chenye kutu, si altaneta. Pima pia waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye nguzo hasi ya betri): weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini wakati injini inaunguruma. Ukiona zaidi ya volti 0.2 hapo, safisha au badilisha waya huo wa ethi kabla ya kutumia pesa kwingine. Mwisho, geuza mita ipime volti za AC (umeme wa mkondo mbadala, si kiyoyozi) kwenye betri injini ikiwa imewashwa. Zikizidi nusu volti, dayodi ya altaneta imekufa, na kelele hiyo ya umeme pekee inaweza kuichanganya kompyuta.

Altaneta iliyolowa oili mara nyingi inafufuka. Ifungue, toa kishikio cha brashi, osha kila kitu kwa kisafishio cha umeme kisichoacha mafuta, na uangalie urefu wa brashi: mpya zinatokeza milimita 10.5, na zikifika milimita 1.5 zimekwisha. Brashi zilizonyonya oili zibadilishwe hata kama ni ndefu. Pete za shaba ambazo brashi zinasugua zisafishwe kwa msasa laini sana. Zungusha beringi kwa mkono. Zikikwaruza, badilisha zote mbili. Kazi hii, ikifanywa kwa altaneta yako ya asili, ni bora kuliko altaneta ya bei nafuu iliyofufuliwa na mtu usiyemjua. Kama ile ya kiwandani ulimwachia fundi, kaiulizie.

Sasa sailensi. Pampu kavu na volti nzuri vinaweza kuwa vimeimaliza shida, kwa hiyo endesha gari siku chache kwanza. Ikiendelea, soma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta. LS400 ya 1992 haihitaji mashine. Chini ya boneti kuna kisanduku cha uchunguzi chenye kifuniko, na ndani ya kifuniko kuna majina ya matundu. Injini ikiwa imezimwa, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini itaanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo kwa nafasi sawa, hakuna kodi. Kodi 22 huja kama mapepeso 2, kimya kifupi, mapepeso 2 tena. Hiyo 22 ni sensa ya joto la maji, 24 ni ya joto la hewa inayoingia, 31 ni mita ya hewa, 41 ni sensa ya throtoli. Kodi inakuambia saketi yenye hitilafu, na waya uliokatika unatoa kodi sawa na sensa iliyokufa, kwa hiyo pima waya kabla ya kununua sensa. Ukishatengeneza, zima swichi, toa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa sekunde kama 30, irudishe, na usome upya.

Sensa ya joto la maji ipime hata kama haijatoa kodi, maana inaweza kudanganya bila kukatika. Kwa nyuzi 20 za Selsiasi inapaswa kuwa na takriban omu 2,000 hadi 3,000, na kwa nyuzi 80 omu 200 hadi 400. Ikibaki na omu nyingi injini ikiwa ya moto, kompyuta inadhani kuna baridi na inamwaga petroli kupita kiasi.

Valvu ya sailensi yenyewe iko kwenye throtoli na ni mota ndogo ya hatua. Kaboni hujaza njia yake ya hewa, hasa injini iliyokuwa inakunywa oili ya stelingi kama yako. Itoe, ioshe kwa kisafishio cha kabureta bila kuloweka upande wa umeme, sugua pini kwa mswaki laini, tumia gasketi mpya. Koili zake zinapaswa kuwa na omu 10 hadi 30 kila moja. Osha pia bamba la throtoli na mdomo wake. Injini ya moto, gia ikiwa N na kiyoyozi kimezimwa, sailensi sahihi ni karibu mizunguko 650 kwa dakika, hamsini juu au chini. Usijaribu kuifikia kwa kukaza skrubu ya kizuizi cha throtoli. Wanaofanya hivyo wanaiharibia sensa ya throtoli mahesabu, na baadaye gia boksi inaanza kubadilisha kwa kishindo.

Ukiwa hapo, vuta kila mpira wa vakumu na uukunje. Uliopasuka ukikunjwa unaonyesha nyufa. Kisha tazama mfumo wa moto wa plagi. Injini hii ina distributa (kigawanyi cha moto wa plagi) mbili na koili mbili, kila upande na yake, na upande mmoja ukilegea, mngurumo unakuwa wa kusukasuka badala ya kupanda na kushuka. Fungua vifuniko vyote viwili: ukiona mistari myeusi ya kaboni kati ya nguzo, au rota iliyochomeka ncha, badilisha vifuniko na rota kwa jozi. Nafasi ya plagi ni milimita 1.1.

Ni baada ya yote hayo ndipo naikubali hoja ya kompyuta. Kompyuta za magari haya zina kapasita za elektrolaiti (vijipipa vidogo vya kuhifadhi umeme vyenye maji ndani) ambazo kwa umri huu huvuja. Maji yake yanapitisha umeme na yanakula njia za shaba kwenye bodi. Dalili zake hazitabiriki: leo sailensi inayumba, kesho gia haibadiliki, keshokutwa gari halishiki moto, halafu linakaa wiki nzima salama. Kompyuta ya injini iko nyuma ya kabati la dashibodi upande wa abiria. Toa waya hasi wa betri, subiri angalau sekunde 90 kwa sababu ya eabegi, kisha itoe na uifungue. Nusa kwanza: kapasita iliyovuja mara nyingi ina harufu ya samaki. Kisha tazama chini ya kila kapasita kwa kioo cha kukuzia. Utaona madoa ya kahawia au shaba iliyogeuka kijani.

Kubadilisha si kazi ya kila fundi umeme wa magari. Inataka mtu anayetengeneza bodi za redio au televisheni. Mwambie atumie kapasita za nyuzi 105, zenye maikrofaradi sawa na zile za zamani na volti sawa au zaidi, kamwe pungufu. Abadilishe zote kwa pamoja. Aoshe bodi kwa alkoholi safi, apime kila njia iliyoguswa na maji yale, na airukie kwa waya mwembamba ile iliyokatika. Kuchanganya chanya na hasi kwenye kapasita moja kunatosha kuua bodi. Ukinunua kompyuta ya mtumba badala yake, kumbuka ina umri uleule na kapasita zilezile, na namba yake lazima ifanane na yako herufi kwa herufi.

Mshale wa spidi unaangazwa na mrija mwembamba wa mwanga, si balbu. Mshale mmoja ukifa peke yake, mara nyingi mrija wake umekwisha na dawa ni mshale au dashibodi ya mtumba. Mishale yote ikipepesa au kuchelewa kuwaka kukiwa na baridi, ni kapasita za saketi inayozalisha umeme wa mirija hiyo. Saketi hiyo inatoa volti mia kadhaa, kwa hiyo usiiguse ikiwa imewashwa. Hili linaweza kusubiri, mradi mita ya spidi yenyewe inafanya kazi.

Stata ndiyo itakayokuudhi. Kwenye injini hii imefichwa bondeni, kati ya safu mbili za silinda, chini ya manifoldi ya hewa. "Tak" moja bila injini kuzunguka kwa kawaida ni vipande vya shaba ndani ya solenoidi vilivyolika. Vipande hivyo ni vya bei ndogo. Gharama ni kazi ya kuvifikia. Kwanza hakikisha si betri: mita ikishuka chini ya volti 9.6 unapopiga stata, shughulikia betri na vichwa vyake. Ikibaki juu na stata haizunguki, panga siku nzima. Toa presha ya petroli, toa manifoldi, badilisha vipande vyote viwili pamoja na kile kifimbo chenye kichwa cha shaba, na ufunge manifoldi kwa gasketi mpya. Mipira midogo ya maji iliyoko bondeni humo badilisha yote wakati pako wazi, kwa sababu ukiuacha mmoja wa zamani na ukapasuka, utaitoa manifoldi tena.

Kuhusu kuuza: pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ndipo uamue. Injini ya moto, plagi zote zimetolewa, waya za distributa na noseli zimechomolewa, throtoli imefunguliwa kabisa. Silinda yenye afya inatoa karibu psi 178, kiwango cha chini kinachokubalika ni 142, na tofauti kati ya silinda isizidi 14. Ukipata hivyo, fundi aliyesema injini imechoka amekosea, na linalobaki ni orodha hii ya vitu vidogo. Angalia pia boljointi za chini za mbele, kwa sababu zikichomoka gurudumu linalala. Hizo usizisubirishe hata wiki. Na kama hujui mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, ubadilishe pamoja na pampu ya maji na beringi ya feni. Kwenye injini yako ya 1992 mkanda ukikatika valvu kwa kawaida hazigongani na pistoni, tofauti na zile zenye VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa kufunguka kwa valvu) zilizokuja na modeli ya 1998, lakini gari litazima ghafla popote ulipo, na pawa stelingi uliyoitengeneza itazima nalo.